Singa Saba za Wakesho

Gogo haliliogopi shoka kali. Huliogopa shoka lisilochoka. Hiyo ndiyo maana ya methali ya bandu bandu huisha gogo: kazi ndogo, ikirudiwa bila kukata tamaa, humaliza jambo lililozishinda nguvu za siku moja. Wakubwa huipenda sana methali hii. Mnyonge akifika mlangoni kwao na shida yake, humpa hiyo pamoja na benchi la kukalia, angoje. Lakini wazee walioitunga walikuwa na shoka mkononi. Hawakusema ukae ulitazame gogo, walisema ubandue. Kungoja ni kitu kimoja na kubandua ni kitu kingine, na Obadiah Mwandawiro wa Ronge alikaribia kumzika mwanawe kabla ya kuijua tofauti hiyo.

Obadiah alikuwa mtu mrefu, mkavu kama kuni ya mwaka jana. Shule aliionja tu, akaiacha darasa la tatu. Ujana wake wote aliutumia katika shamba moja la katani huko nyikani, kwenye ile mashine ya kuparua majani iitwayo korona, ambako jani huingia likiwa nene na kutoka likiwa singa nyeupe, ndefu kama mvi za bibi kizee. Viganja vyake vilikuwa na makovu mengi kuliko mistari. Alikuwa na mke, Tryphena, mwanamke wa kicheko kikubwa, ambaye akicheka upande huu wa kambi, waliokuwa upande wa pili walitabasamu bila kujua sababu.

Mwaka wa sitini na nane, uvimbe mdogo wa rangi ya zambarau ambao Tryphena alikuwa nao mdomoni tangu usichana ulianza kukua. Haukumuuma, ila ulimsumbua wakati wa kula. Akaenda kwa dresa wa shamba, mfunga vidonda wa koti jeupe na maneno mengi.

"Jipu hilo, mama," dresa alisema bila kuinuka kitini. "Dakika moja tu. Fumba macho."

Dakika hiyo moja ilitosha. Damu haikutiririka, iliruka. Dresa akatia pamba, pamba ikaogelea. Landrova ya shamba ilikuwa pale pale kivulini, lakini nyapara alisema gari halitoki bila sahihi ya bwana meneja, na bwana meneja alikuwa mezani, na bwana meneja akiwa mezani haitwi. Sahihi ilipopatikana, Tryphena alikuwa amekwisha kunyamaza. Mkono wake ulikuwa katika mkono wa mumewe, na mtoto wao Wakesho, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa ameshika pindo la leso ya mama yake.

Baada ya mazishi Obadiah alizunguka ofisi kwa miezi saba. Hakutaka kitu ila mtu mkubwa mmoja, popote alipo, amtazame usoni na kusema: tulikosa. Mlango wa kwanza waliambiana kwa macho kisha wakamwambia, "Njoo kesho." Wa pili walisema, "Njoo Jumatatu, bwana hayupo." Wa tatu faili halikuonekana. Wa nne karani mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni alimpa nasaha: "Mzee, kuwa na subira. Bandu bandu huisha gogo." Siku hiyo Obadiah aliondoka bila kuaga, akafunga mizigo yake, akapanda na mwanawe hadi Ronge, kwenye kishamba cha marehemu baba yake. Tangu hapo, mtu yeyote mwenye cheo, kuanzia chifu hadi aliye juu yake, kwake alikuwa yule karani tu, kabadilisha koti.

Miaka minane ikapita. Wakesho akawa msichana wa miaka kumi na mitano, mwembamba, mwenye kicheko cha mama yake. Na kama kwamba dunia haikuwa imetosheka, akawa pia na uvimbe wa mama yake. Ulikuwa ndani ya mdomo wa chini, upande wa kushoto, mwororo, wa rangi ya zambarau lililoiva. Mwanzo ulikuwa kama punje ya mtama. Kufikia mwaka wa sabini na sita ulikuwa zambarau zima, umeusukuma mdomo nje, na wenziwe shuleni walikuwa wamekwisha kumbatiza. "Zambarau! Zambarau!" walimwita, "tuletee na sisi tuonje!" Wakesho akaacha kucheka. Akawa anaongea huku ameziba mdomo kwa ncha ya leso, na akicheka kwa kusahau, mkono uliwahi kabla ya sauti.

Dada yake Obadiah, Jedidah, aliyekuwa akikaa ng'ambo ya kijito, hakuweza kuvumilia.

"Kaka, mpeleke mtoto hospitali Voi."

"Kwa nani?"

"Kwa madaktari."

"Mama yake alipelekwa kwa nani? Kwa seremala?"

"Yule alikuwa dresa, Obadiah. Tena mlevi."

"Alikuwa na koti jeupe. Wote wana koti jeupe. Mwanangu haguswi na wembe, na aliyekutuma uniambie, mwambie hivyo."

"Sikutumwa na mtu. Nimetumwa na macho yangu."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Obadiah alikuwa ameumwa pakubwa. Lakini hakuwa mzazi wa kukaa tu. Aliwaza usiku na mchana, na akili yake ikaenda pale ilipozoea kwenda, kwenye katani. Wafugaji wa Ndara aliowafahamu, ng'ombe akiota chunjua kwenye chuchu, hawamkati. Huifunga chunjua kwa singa moja, wakaikaza shinani, na siku ya tano chunjua hudondoka yenyewe, kavu kama ua la jana. Hakuna wembe, hakuna koti jeupe, hakuna sahihi ya mtu. Kwa nini chunjua ya ng'ombe ipone na ya mtoto isipone? Kwa mtu aliyeishi na singa miaka yote hiyo, jambo hilo lilikuwa wazi kama mchana.

Alichagua singa laini kuliko zote, akailoweka katika maji ya chumvi, akamkalisha Wakesho kizingitini penye mwanga.

"Itauma, baba?"

"Itauma kidogo. Wembe unauma kwa wote waliobaki."

Wakesho akafumba macho, kama mama yake alivyoambiwa afumbe.

Siku ya kwanza uvimbe ukawa mweusi, Obadiah akafurahi. Siku ya pili, Jumamosi asubuhi, Wakesho aliinama kupuliza moto ili apashe kimanga, viazi na maharagwe vilivyopondwa, na singa ile, iliyokuwa imekwisha kuila ngozi, ikakata. Damu ikaruka juu ya mafiga ikachemka.

Obadiah aliiona damu ile, na miaka minane ikafutika. Hakupiga kelele. Aliruka, akakunja ncha ya leso, akaubana mdomo wa mwanawe kati ya kidole gumba na cha shahada, akakaza kwa vidole vilivyokuwa vigumu kama mpingo. Damu ikasita. Akalegeza kidogo atazame; ikaruka tena. Akakaza.

Jedidah, aliyekuwa ameusikia ukelele wa Wakesho, alikuja mbio, leso begani. Alipoona singa yenye damu sakafuni, alielewa yote, na kwa rehema hakusema lolote kuhusu hiyo.

"Usiachie," alisema tu.

"Siachii."

"Mpaka Voi usiachie."

"Nimesema siachii!"

Wakateremka mlima hivyo hivyo, baba ameshika mdomo wa binti, wakienda ubavu ubavu kama kaa, Jedidah mbele akiwaondolea matawi. Waliokutana nao njiani walidhani mzee anampeleka mtoto mwenye matusi kwa chifu. Walipofika kituo cha reli bondeni, treni ya mizigo kutoka Taveta ilikuwa imesimama, injini ikihema. Mwenye kituo, kofia imenyooka, alitoka nje.

"Hii ni ya mizigo. Haibebi abiria. Ya abiria ni kesho."

Neno hilo, kesho, lilimchoma Obadiah kuliko matusi. "Sheria yako naifahamu, bwana mkubwa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini mno. "Ndiyo iliyomuua mama yake. Andika basi jina la huyu pia kwenye kitabu chako, ili ukiulizwa, usiseme faili halionekani."

Gadi wa treni, Mkamba mfupi mnene aliyeitwa Katuku, alikuwa akisikiliza kutoka mlango wa behewa lake la nyuma. Alitupa bendera yake ndani.

"Mimi nitaandika," alisema. "Nitaandika kwamba nimebeba mzigo unaoharibika upesi. Mzee, panda. Mguu wa kushoto kwanza. Kidole usikitoe, mimi nitakushika kiuno. Haya, mama, nawe!"

Mwenye kituo alitazama upande mwingine. Treni ikaondoka. Njia nzima, katikati ya mashamba ya katani yaliyosimama mistari mistari kama askari, Obadiah hakutazama kitu chochote ila mdomo wa mwanawe. Mkono ulikufa ganzi hadi begani. Wakesho, asiyeweza kusema, alimfuta baba yake jasho kwa kiganja.

Hospitalini Voi walipokewa na nesi aliyeitwa Gertrude, mwanamke mpana mwenye haraka.

"Mzee, achia nione."

"Siachii."

"Sasa nitaona nini, ukucha wako?"

"Ukiwa na wembe, siachii."

Gertrude alimtazama vizuri, kisha akaikunjua mikono yake yote miwili, akamwonyesha viganja vitupu, kama mtu anayemtuliza mnyama. "Sina wembe. Nina shashi na barafu. Wewe umefanya kazi ya daktari, mzee. Kama si kidole hiki, sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine. Nipe zamu."

Obadiah alipoachia, vidole vilikataa kufunguka. Jedidah alimfungua kimoja kimoja. Damu ilikuwa imekwisha kuganda, na barafu na shashi vikamaliza shughuli. Wakesho akalazwa, kwa kuwa Jumatatu daktari wa meno na mdomo angefika kutoka Mombasa, kama alivyofanya kila wiki ya tatu.

Daktari huyo, Elijah, alikuwa kijana wa miwani, mpole wa mikono. Hakushika chombo chochote ila kipande cha kioo. Alikiweka juu ya uvimbe akakandamiza polepole.

"Sogea, baba Wakesho. Tazama."

Chini ya kioo zambarau lilififia, likawa jeupe. Alipoinua, likajaa tena, polepole, kama nyayo kwenye tope.

"Nikikandamiza, damu inakimbia. Nikiachia, inarudi. Jipu halifanyi hivyo, wala saratani. Hii ni mishipa ya damu tu, imejisokota pamoja kama uzi uliotatizika. Haina ubaya wa kumla mtu. Ubaya wake ni mmoja: ukiikata hovyo, umekata bomba."

"Kwa hiyo utaikata?"

"Siikati. Nitaichoma dawa kwa sindano nyembamba sana. Tone tu. Dawa inaikaza mishipa, inashikana, inasinyaa. Watu wenye mishipa ya miguu iliyovimba tunawachoma hiyo hiyo."

"Na leo itaisha?"

"Leo itaanza. Nikiimwaga yote leo, nyama ya mdomo itakufa pamoja nayo. Tutafanya kidogo, tungoje isinyae, tuongeze kidogo. Mara tano, labda sita. Kila nikija Voi, mlete."

Daktari aliendelea kueleza: mdomo utavimba siku nne au tano, utatisha, asiogope, ale vitu vilaini, asijiguse. Wakesho alisikiliza kila neno. Baba yake hakusikia hata moja. Masikio yake yalikuwa yamekwama kwenye *kila nikija*. Mara sita! Wiki tatu, kisha wiki tatu, kisha wiki tatu. Hiyo alikuwa ameisikia. Hiyo ilikuwa ni njoo kesho, imevaa miwani.

Siku ya tatu baada ya kurudi Ronge, mdomo wa Wakesho ulikuwa umeumuka kama andazi. Obadiah alitembea uani akienda na kurudi.

"Nilisema! Wamemtia sumu halafu wakatuambia turudi baada ya wiki tatu, ili akifa afie huku kwetu, wao mikono safi!"

"Si daktari alisema utavimba?" Jedidah aliuliza.

"Alisema mengi."

"Hilo alilisema. Mimi nililisikia. Mtoto alilisikia. Aliyekuwa anagombana na yule dresa kichwani mwake ndiye hakulisikia."

"Hatuendi tena. Nimekwisha sema, na hapa kwangu nikisema nimesema."

Uvimbe ule ulishuka siku ya sita, kama walivyoambiwa. Lakini Obadiah alikuwa ameshatoa neno, na mtu ambaye hakuachiwa kitu kingine na dunia hushikilia neno lake kwa meno. Jumapili ya wiki ya tatu ikafika. Kesho yake daktari angekuwa Voi. Obadiah alikuwa kivulini akichanja kuni, na shoka lake lilikuwa linapiga kwa hasira kuliko kawaida.

Wakesho alikuja na kitabu chake cha nyimbo za kanisa, akakaa juu ya gogo lingine.

"Baba, naomba kukuonyesha kitu."

"Kama ni habari ya Voi, usianze."

Hakuanza. Alikifungua kitabu tu. Kati ya kurasa mbili kulikuwa na singa mbili za katani, zimelazwa sambamba. Obadiah alipoona singa, mkono wa shoka ulishuka wenyewe.

"Shuleni tulifundishwa kupima unene wa mti kwa kamba," Wakesho alisema nyuma ya leso yake. "Ile Jumatatu, kabla ya sindano, niliomba kioo kwa nesi, nikauzungushia uvimbe singa niliyoichomoa kwenye kikapu cha shangazi. Sikukaza, baba. Niligusisha tu. Nikaikata pale ncha zilipokutana. Ndiyo hii ya juu. Hii ya chini nimeipima leo asubuhi."

Singa ya chini ilikuwa fupi. Si sana, kwa upana wa ukucha wa mtoto mchanga.

"Hii ulivuta," Obadiah alisema.

"Pima wewe."

Mtu huyu, ambaye singa yake ndiyo iliyomwaga damu ile, aliichomoa nyingine kwenye kamba ya mbuzi, akaisafisha, akapiga magoti mbele ya mwanawe. Alizungusha bila kukaza, kwa upole ambao korona haikuwahi kumfundisha, akakata, akailaza kitabuni. Ilikuwa sawasawa na ile fupi. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akayatazama yale yaliyokuwa miguuni pake: gogo lililochanjwa nusu, na vibanzi vyeupe vimetawanyika kulizunguka.

Miezi saba alizunguka milango ya wakubwa, na katika miezi hiyo yote hapakuanguka hata kibanzi kimoja. Hapa wiki tatu tu, na kibanzi hiki hapa. Unaweza kukishika.

"Haya," alisema hatimaye, akiwa bado magotini. "Kesho tutateremka. Lakini sikia, mama. Siku ambayo kibanzi hakikuanguka, siku hiyo ni njoo kesho, na sisi tunarudi nyumbani. Sawa?"

"Sawa, baba."

Safari hii walipanda treni ya abiria, na gadi alikuwa Katuku yule yule. "Mzee wa Kidole!" alipaza sauti kutoka mlangoni, watu wote wakageuka. "Leo umekuja nacho, au umekiacha nyumbani kinalinda mbuzi?" Na Wakesho akacheka, mkono ukachelewa kidogo kufika mdomoni.

Sindano ya pili ilipigwa. Singa ya tatu ilikuwa fupi kuliko ya pili. Mdomo ulivimba, ukashuka. Obadiah alikaa karibu siku zote hizo akimpondea ndizi, wala hakusema habari ya sumu. Sindano ya tatu ikapigwa. Kisha, asubuhi ya siku ya kwenda tena, Wakesho alipima, akapima tena, akakaa na kitabu magotini. Singa ya nne ilikuwa sawa na ya tatu. Hakuna kibanzi.

Obadiah hakuivunja safari, kwa kuwa walikuwa wameshavaa. Lakini njiani Katuku alipomtania, alimtazama hadi gadi akakumbuka kazi nyingine. Chumbani kwa daktari hakukaa. Alikiweka kitabu cha nyimbo mezani, akakifungua kwa kishindo.

"Soma hapo, bwana daktari. Hata mimi wa darasa la tatu nimesoma. Hii na hii ni sawa. Sasa niambie nirudi baada ya wiki tatu, nami nikuambie mahali nilipolisikia hilo."

Daktari Elijah aliziinamia singa, akazigusa kwa ncha ya kalamu moja baada ya nyingine. Hakukasirika, wala hakucheka.

"Nani alizipima hizi?"

"Mimi," Wakesho alisema.

"Umepima vizuri kuliko nilivyoandika mimi." Aliweka kioo kwenye uvimbe, akatazama upande huu, akatazama upande ule. Kisha akavua miwani. "Baba Wakesho, ni kweli. Mara hii dawa haikufanya kazi. Sababu siijui hasa. Nadhani mshipa mkubwa uko chini zaidi, na mimi nimekuwa nikichoma juu juu. Nilikosa."

Neno lile lilitua katikati ya chumba. Obadiah alishika ukingo wa meza. Miezi saba alikuwa amelitafuta mlango kwa mlango, miaka minane amelikosa, nalo likaja kutoka kwa mtu ambaye hakuwa amemkosea kitu. Akajikuta amekaa. Akajikuta anaeleza yote: zambarau la Tryphena, dakika moja, pamba, Landrova kivulini, sahihi. Hakuwahi kuyaeleza yote kwa pamoja, na Wakesho alikuwa hajawahi kuyasikia kutoka kinywani mwake.

Daktari alisikiliza hadi mwisho, ingawa nje palikuwa na foleni.

"Walikosa," alisema. "Lile halikuwa jipu, na halikupaswa kuguswa na wembe. Na hata baada ya kukatwa, kidole kama chako na gari pale kivulini vingemfikisha hapa. Walikosa mara mbili. Pole sana, mzee wangu. Mimi siwezi kumrudisha."

"Najua huwezi," Obadiah alisema. Alijifuta uso kwa mkono wa shati. Alikohoa. Kisha akakivuta kitabu, akaziangalia zile singa mbili zilizolingana, kwa macho ya mtu aliyekwisha kuchanja magogo mengi maishani.

"Ni fundo hilo," alisema.

"Umesemaje?"

"Gogo likiwa na fundo, shoka linadunda. Unapiga, hakuna kinachobanduka. Mjinga huongeza nguvu, mvivu huenda zake. Mwenye kujua hugeuza gogo, akalipiga kutoka upande wa pili." Alimtazama daktari. "Geuza, bwana daktari. Piga kwa chini."

Daktari Elijah akavaa miwani yake. Alimlaza Wakesho kichwa upande wa pili, akaingiza sindano kutoka chini ya mdomo, polepole, huku Obadiah amemshika mwanawe mkono. Tone moja. Baada ya wiki tatu, singa ya tano ilikuwa fupi kuliko ya nne kwa upana wa punje nzima ya mahindi, na ya sita ilikuwa nusu ya ya tano.

Mwezi wa kumi na moja mvua za vuli zikanyesha baada ya ukame mrefu, na mahindi ya kwanza ya bondeni, yaliyokuzwa kwa maji ya kijito, yakaanza kuchomwa. Siku ya kupima singa ya saba, Wakesho alizungusha, lakini hapakuwa na cha kuzungushia. Palibaki kovu jeupe, dogo kama punje ya mtama, lililo bapa. Alikata kipande kifupi mno hata kikashindwa kulala kwenye ukurasa. Pumzi ya Jedidah ilikirusha, wakakitafuta wote watatu kwa magoti, wakakikosa.

"Kiacheni," Obadiah alisema.

Jedidah alimpa Wakesho hindi la kuchoma, gumu, la moto. Msichana aliliuma kwa meno ya mbele, upande ule ule wa kushoto, akatafuna, hakikutoka kitu. Kisha shangazi yake akasema neno fulani kuhusu Mzee wa Kidole na mbuzi wake, na Wakesho akacheka. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika hindi. Kicheko kilivuka kijito, na upande wa pili mtu asiyejua sababu akatabasamu.

Obadiah aliondoka taratibu, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa juu ya kigogo cha kuchanjia. Wale wa ofisini bado walikuwa ofisini, na hakuwasamehe, na hakuna anayejua kama aliwasamehe hata siku aliyokufa. Maana wao walimpa methali bila shoka. Aliyempa shoka ni kijana wa miwani aliyekubali kusema nilikosa, na aliyehesabu vibanzi ni mtoto wa shule mwenye kitabu cha nyimbo. Tone, wiki tatu, tone, wiki tatu; fundo, kisha tone tena; na lile zambarau lililommaliza mama kwa dakika moja likamalizika lenyewe mdomoni mwa binti, bila wembe kuonekana. Alikisikiliza kicheko kile hadi kikaisha, na kilipoisha akatamka kwa mara ya kwanza, bila uchungu, maneno ambayo miaka minane hakutaka kuyasikia: bandu bandu huisha gogo.